Maksai Aliyeitwa Mwenyeji

Kwenye mazishi ya baba walizungumza watu wanne. Kaka yangu alisema baba alikuwa mtu wa kazi. Mjomba alisimulia siku baba alipopanda basi lisilo lake, akaona haya kusema, akafika mji mwingine na mfuko wake wa nyanya. Watu walicheka kidogo. Kisha meneja mstaafu alisimama akasema kwamba kwa miaka ishirini na sita aliyofanya naye kazi, marehemu hakuwahi kuogopa mnyama yeyote. Wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, maana mazishini si mahali pa kumsahihisha mtu. Lakini haikuwa hivyo, na naona nikiendelea kunyamaza hata mimi nitaanza kuamini kwamba ilikuwa hivyo. Kwa hiyo naandika.

Baba alikuwa mswagaji kwenye machinjio ya mji. Kazi yake ilikuwa kuwatoa ng'ombe zizini na kuwafikisha chumba cha mwisho, kupitia ujia mwembamba wenye kuta za saruji zilizompita ng'ombe kimo. Ujia ulikuwa na hatua arobaini na kona mbili. Mtu akisikia hivyo anafikiri ni kazi ya fimbo. Baba alikuwa na fimbo, lakini aliitumia kuwakuna mgongo.

Kila asubuhi, kabla ya ng'ombe wa kwanza, aliupita ujia ule ameinama, mikono magotini, kichwa chake kikiwa kwenye kimo cha kichwa cha ng'ombe. Alikuwa anatafuta vitu vya kutisha. Koti lililotundikwa pembeni. Mnyororo unaoning'inia. Dimbwi linalong'aa. Mwanga wa jua uliopenya kwenye tundu la bati ukalala sakafuni kama kitu chenye uhai. Ng'ombe mmoja akisimama mbele ya kitu kama hicho, wote nyuma yake wanasimama, na hapo ndipo zinapoitwa fimbo za umeme.

"Mzee, leo umeona nini huko chini?" wenzake walimtania.

"Nimeona viatu vyako. Ningekuwa ng'ombe ningegeuza."

Hayo yote yalisaidia, lakini mwenye kazi hasa alikuwa Mwenyeji.

Mwenyeji alikuwa maksai mwekundu, mpana wa kifua, pembe moja imevunjika katikati. Mama yake alishushwa kwenye lori akiwa na mimba ambayo hakuna aliyeijua, akazaa palepale zizini. Siku ya tatu mama akapita ujia. Baba akaomba ndama abaki, akamnywesha maziwa kwa chupa, akamlea kwenye kiua kilichokuwa nyuma ya machinjio, na alipokua akamfundisha njia. Maana ng'ombe hawaingii mahali wasipopajua, lakini wakimwona mwenzao yuko mbele anatembea bila wasiwasi, wanamfuata. Mwenyeji aliingizwa zizini kati ya wageni waliosafiri siku mbili kwenye lori, wamelowa mkojo wao wenyewe, weupe wa macho umewatoka. Aliwanusa. Aliwalamba shingo wawili watatu. Baada ya muda mfupi ungeona vichwa vinashuka, mmoja anacheua, mwingine anapiga chafya. Kisha aligeuka na kuanza kutembea, nao nyuma yake.

"Karibuni wageni, mwenyeji yupo," wale wa zizini walisema, na kila siku kulikuwa na mtu wa kucheka.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukiona chumba cha mwisho. Baada ya kona ya pili, hatua sita kabla ya lile pazia la mpira lililofunika mlango wa chumba, ukuta ulikuwa na kilango upande wa kulia. Mwenyeji akifika hapo kilango kilifunguliwa, akapita, kikafungwa nyuma yake, na aliyemfuata akakuta njia ni moja tu, ya mbele. Upande wa pili wa kilango kulikuwa na kile kiua chake, majani na jiwe la chumvi. Naamini alifikiri kazi yake ilikuwa kwenda kula chumvi. Naamini alifikiri na wengine wako mahali fulani wanakula ya kwao.

Kilango kilikuwa na komeo, na komeo lilikuwa na mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Baba aliniombea kazi mwaka niliomaliza kidato cha nne, na kazini nikaitwa Dada Komeo. Nilikaa kwenye kibanda cha mbao kisicho na paa, kilichobandikwa nje ya ukuta. Kilikuwa na kigoda, na penye usawa wa macho kulikuwa na upenyo wa kuchungulia ujia.

Siku yangu ya kwanza nilichungulia. Mwenyeji alipita, nikafungua, nikafunga. Ng'ombe wa tatu baada yake, mweusi mwembamba, akasimama mbele ya upenyo na kunitazama. Jicho lake lilikuwa karibu nami kama kikombe kilivyo karibu na mdomo. Hakuwa mkali. Pua zake zilikuwa zinafunguka na kufungika, na nikahisi kwamba kuna kitu ananiuliza, na kwamba akishajua sijibu ataanza kulia. Nikakaa chini. Sikuchungulia tena.

Badala yake nilitumia masikio. Juu ya ukuta wa ujia kulikuwa na kijukwaa cha mbao, na baba alitembea juu yake sambamba na Mwenyeji, akipiga mluzi. Haukuwa wimbo wowote, ni mluzi tu wa mtu anayepanda kilima taratibu. Mwenyeji akifika kilangoni, mluzi ulikatika. Mimi nikafungua, nikavuta pumzi mbili, nikafunga. Tulifanya hivyo miaka minne. Nilikaa mgongo ukutani, macho kwenye magoti yangu, mkono kwenye komeo, na sikuwahi kumwambia mtu kwamba sitazami.

Siku ya Jumanne moja baba aliondoka nyumbani mapema kwenda kung'olewa jino. Nilijua atachelewa, na nikajua hawataanza bila yeye. Kumbe aling'olewa haraka, akaja moja kwa moja, akapanda kijukwaani na shavu limejaa pamba. Sikumwona. Mashine ya kusukuma maji ilikuwa inanguruma upande wa pili. Nilisikia kwato, lakini kwato nilizisikia kutwa nzima. Nilikaa, nikasubiri mluzi uanze ili nijue utakatika.

Wanasema Mwenyeji alisimama kilangoni akasubiri. Aligeuza kichwa kulia akaugusa ubao kwa pua. Baba alipaza sauti, ikatoka sauti ya mtu mwenye pamba mdomoni. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa nyuma, wa pili akasukumwa na wa tatu, wa tatu na wa nne, na Mwenyeji, ambaye hakuwahi kusukumwa maishani mwake, akapita pazia.

Mle ndani alikuwemo mpigaji, mtu mpole tuliyemwita Pole kwa sababu alimwambia kila ng'ombe pole kabla ya kumwekea kwenye paji la uso kile chuma cha kuwaangushia. Alikuwa ameshakiinua. Akaiona ile pembe nusu, akakishusha. Lakini Mwenyeji hakuweza kurudi, ujia ulikuwa umejaa. Ilibidi wale wengine warudishwe kinyumenyume, mmoja mmoja, na ng'ombe hajui kurudi nyuma. Ilichukua dakika kumi na mbili. Dakika zote hizo Mwenyeji alisimama mle, na mbele yake, umbali wa mkono, alining'inia kwa mguu mmoja ng'ombe kiguru aliyetangulizwa kwa mlango mwingine, ambaye saa moja kabla alikuwa amemlamba shingo.

"Nilimfunika macho kwa aproni yangu," Pole aliniambia baadaye. "Kisha nikakumbuka aproni yangu ina nini."

Mimi nilijua pale baba alipogonga ubao wa kibanda kwa ngumi. Nilifungua. Baada ya muda mrefu Mwenyeji akapita kilangoni, na kwa kuwa nilisahau kuinamisha kichwa, nilimwona. Hakwenda kwenye chumvi. Alikwenda hadi mwisho wa kiua, akaelekeza uso ukutani, akasimama hivyo. Ngozi yake ilikuwa inaruka kama ya mnyama anayefukuza nzi, lakini hakukuwa na nzi.

"Ni jino," baba alisema, akitema pamba yenye damu. "Ni jino langu hili. Usilie, mwanangu. Ni jino."

Nikamwacha aamini hivyo.

Mwenyeji hakula siku ile wala ya pili. Alianza kuharisha. Baba akiingia kiuani alimjia, akamwegemezea kichwa tumboni kama alipokuwa ndama, lakini akisikia chuma kimeanguka mahali popote alirudi ukutani. Alhamisi walimwingiza zizini awatulize wageni kama kawaida. Alisimama katikati yao akitetemeka. Hakumlamba yeyote. Wale wengine walimnusa midomo, wakanusa mapaja, kisha nao wakaanza kutetemeka, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyowashwa mtaani. Halafu wote thelathini na tano wakaenda upande mmoja wa zizi kwa mara moja. Nguzo mbili zilikatika. Msimamizi wa zamu, tuliyemwita Haraka kwa sababu hakuwa na neno lingine, alibanwa kwenye uzio akavunjika mbavu mbili.

Jumamosi meneja alimwita baba, nami nikaenda kusimama mlangoni kwa sababu sikuweza kukaa kibandani.

"Shikamoo, Mzee," meneja alisema, maana alikuwa mdogo kwa baba. "Huyu maksai wako amekwisha."

"Ameshtuka tu. Nipe muda, bwana meneja."

"Muda wa nini? Anawaambukiza. Nina mtu hospitali."

"Basi nimtoe. Nitampeleka kwa shemeji yangu shambani, hutamwona tena."

"Unajua sheria. Mnyama akishaingia getini hatoki akiwa hai. Mganga wa mifugo hawezi kuweka sahihi yake hapo, na mimi siwezi. Hata angekuwa paka."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimpa wiki moja. Ijumaa, Mwenyeji atapita ujia akiongoza wenzake, au atapita akiwa mmoja wao.

Wiki ile baba alibaki kazini kila siku baada ya wengine kuondoka, jua likiwa bado juu, nami nikabaki naye. Alimtoa Mwenyeji kiuani, akamzungusha hadi mdomo wa ujia, akatangulia yeye mwenyewe kwa miguu, ndani ya ujia, kitu ambacho hakuna mswagaji anayekifanya. Jumatatu Mwenyeji alifika mdomoni akakataa. Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa ng'ombe, nyembamba, ya mdomo uliofumbwa. Jumanne aliingia hatua tano. Jumatano alifika kona ya kwanza, baba akamkuna, akamrudisha kinyumenyume, hatua moja moja. Kila siku nilikuwa kibandani kwangu, nimeambiwa nifungue nikisikia mluzi umekatika, na kila siku mluzi ulikatika mapema mno, kwa sababu baba alikuwa ameishiwa pumzi.

Jumatano hiyo nilimkuta nyuma ya tangi la maji anatapika.

"Baba, unaumwa?"

"Hapana." Akajipangusa. "Ukitembea mbele yake, pumzi yake inakupiga shingoni. Unajua anakusikia mwili mzima. Nikiogopa, anajua kabla yangu mimi. Na mimi naogopa, mwanangu. Kila hatua naogopa, naye anasema, kumbe hata huyu anaogopa, basi ni kweli."

Alhamisi walifika kona ya pili. Nilisikia mluzi unakuja, mnyonge, lakini unakuja, na nyuma yake kwato za mnyama mmoja. Nilijua kwamba wakifika kilangoni, nikafungua, akapita, akaenda kwenye chumvi yake, basi amepona, na mimi nimepona. Mluzi ulifika usawa wa kibanda. Ukakatika. Nilivuta komeo. Na komeo, kwa kuwa nililivuta kwa nguvu zote za wiki ile, liligonga mwisho wake likalia kama chuma kinachoanguka.

Mwenyeji aligeuka ndani ya ujia ambao ng'ombe hawezi kugeuka. Sijui aliwezaje. Nilisikia pembe zinakwaruza saruji, nikasikia baba anasema "polepole, polepole, polepole", kisha kwato zinakimbia kurudi. Nilipotoka nilimkuta baba amekaa kwenye sakafu ya ujia. Bega la shati lilikuwa limechanika na suruali yake imelowa. Mwanzo nilidhani ni maji.

Tulikaa wote wawili chini, migongo kwenye saruji. Sijawahi kuogopa kusema kitu kama nilivyoogopa pale.

"Baba, haikuwa jino."

Aligeuza uso kunitazama.

"Huwa sitazami. Tangu siku ya kwanza. Kuna upenyo, ningechungulia ningemwona amesimama. Nasikiliza mluzi tu. Ningetazama, asingeingia mle."

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Kwani wewe unadhani mluzi ule ulikuwa wa nani? Ng'ombe hahitaji mluzi. Siku ya pili nilikuona kutoka juu, umejikunja kama unasubiri sindano. Nikasema, basi, nitampigia." Akatazama suruali yake, akavuta shati kuifunika. "Ningeweza kukuhamisha ukakate tiketi za nyama. Nilipenda tuwe pamoja. Kwa hiyo hapo kuna jino, kuna wewe, na kuna mimi."

Kisha akaniambia mambo ya kesho. Mwenyeji hataongoza tena, hilo limekwisha. Haraka amerudi, mbavu zimefungwa, na amesema atakuja na watu wawili na fimbo za umeme. Kwa kuwa anaijua njia, Mwenyeji atapigana kila hatua. Arobaini.

"Nitamwomba meneja nimpitishe mimi," alisema. "Peke yake, wa kwanza, kabla pazia halijanuka. Kama lazima aingie, asiingie akisukumwa."

"Atakufuata?"

"Akinifuata itakuwa mbaya. Asiponifuata itakuwa mbaya zaidi." Alisugua magoti yake. "Kilango usikifungue. Akisikia komeo atageuka, na pale wenye fimbo watakuwa nyuma yetu. Usiguse kitu."

Ijumaa niliingia kibandani saa moja kasoro. Hewa ilikuwa ya baridi. Nilisimama mbele ya upenyo na kujilazimisha kutazama, lakini macho yalikuwa yanajifumba yenyewe kama ya mtu anayepuliziwa vumbi. Baba alikuwa amekwisha kuupita ujia ameinama, kama kila siku. Nilisikia Haraka akisema kutoka nyuma, "Mzee, dakika tano. Zikiisha tunakuja," na baba akimjibu, "Nazihitaji zote."

Hakupiga mluzi. Alikuwa anaongea. Nilimsikia kutoka kona ya kwanza, sauti ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayezungumza na jirani kwenye kibaraza.

"Mama yako alikuwa mkorofi, nikwambie. Alinipiga teke hapa, tazama, kovu hili. Daktari anasema mzee umepigwa na nini, nasema na mzazi aliyetoka leba. Taratibu. Hapo pana unyevu, nimepakausha, lakini angalia. Haya."

Wakatokea kona ya pili. Baba alikuwa anatembea kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye taya za Mwenyeji. Uso wa baba ulikuwa umetulia, ila jasho lilikuwa linamtoka kwenye nywele kama amemwagiwa maji. Mwenyeji alikuwa anatembea. Kila hatua aliiwaza, akaweka kwato, akangoja, akaweka nyingine. Alimtazama baba usoni tu.

Wakafika kilangoni, na hapo Mwenyeji akasimama.

Aligeuza kichwa kulia. Pua yake ikaja kwenye upenyo. Nilikuwa pale, na safari hii sikukaa chini. Jicho lake lilikuwa la kahawia, na lilikuwa na kope ndefu zenye vumbi la majani, na nikajiona mle ndani, kitu kidogo chenye mkono kifuani. Alipumua usoni kwangu. Alikuwa ananingoja nifanye kazi yangu. Alikuwa na haki ya kuningoja, niliifanya miaka minne.

"Twende, baba," baba alimwambia Mwenyeji. "Leo ni huku."

Hakusogea.

"Mzee," Haraka aliita kutoka nyuma. "Muda."

Nilisikia ile fimbo ya umeme ikijaribiwa, tss, tss. Mwenyeji naye aliisikia. Ngozi ya shingo ikaanza kuruka. Baba alinitazama kupitia upenyo, na nikaona kwamba amefika mwisho wa alichokuwa nacho. Midomo yake ilikuwa inaendelea kusema lakini sauti haikutoka.

Sikufikiri. Kama ningefikiri nisingekwenda. Nilipanda juu ya kigoda, nikashika ukingo wa ukuta, nikajivuta, nikashukia ndani ya ujia, mimi niliyekuwa siwezi kumpita ng'ombe aliyefungwa barabarani. Nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilibanwa kati ya ukuta na ubavu wake. Ulikuwa wa moto. Moyo wake ulikuwa unapiga mkubwa, polepole kuliko wangu. Niliweka mkono nyuma ya sikio lake na kusema kitu cha kwanza kilichonijia.

"Pole, nimechelewa."

Baba akapata sauti. "Umeona? Hata Dada Komeo amekuja. Huyu haamkagi mapema, nikwambie, huyu kumtoa kitandani ni kama kung'oa kisiki."

Mwenyeji akaweka kwato moja. Kisha nyingine. Tulitembea hatua sita hivyo, baba kinyumenyume, mimi pembeni, na kila hatua nilikuwa nangoja anigonge ukutani aniue, na kila hatua nilikuwa nangoja aelewe. Pazia la mpira lilinipapasa usoni. Sakafu ilikuwa kavu, Pole alikuwa ameikausha kwa magunia. Hakukuwa na kitu kilichoning'inia. Alikuwa amevaa aproni mpya.

Sitaandika yote. Pole alisema pole, na baba akasema, "Bado." Akamkuna kwenye paji la uso, pale pale, kwa vidole vinne, huku anaendelea na habari za mama yake. Kisha akatoa mkono. Mimi nilikuwa bado nimeshika nyuma ya sikio. Kilichotokea kilitokea chini ya mkono wangu, haraka, na uzito wote ukaenda chini mara moja, nikaachwa nimeshika hewa. Mpaka sasa sijui kama alituamini au alikuwa amechoka tu kutotuamini. Nimejiuliza jambo hilo miaka mingi, na baba nilimwuliza mara moja tu, akasema yeye pia hajui.

Tulitoka nje. Baba alinawa mikono kwenye bomba, akanawa tena. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, na zizini walikuwa bado thelathini na mmoja, wameshushwa alfajiri, wanalia. Haraka alisimama getini na watu wake wawili na fimbo, akimtazama baba.

"Wape chai wenzako," baba alimwambia. "Nitawaleta mimi."

"Nani atawaongoza?"

Baba alifungua lango la zizi akaingia kati yao. Nilimwona anapita polepole, mabega yameshuka, anawagusa shingo mmoja mmoja. Alikaa mle muda mrefu. Kisha akageuka akawapa mgongo, akaanza kutembea kuelekea mdomo wa ujia, mtu mmoja mwembamba mwenye shati lililoshonwa begani, na wale wa mbele wakainua vichwa, wakamfuata.

Nilikimbia kibandani. Niliweka uso wangu wote kwenye upenyo na mkono kwenye komeo, na sikupepesa. Nilisikia kwato nyingi, kona ya kwanza, kona ya pili. Nikamwona anakuja. Nyuma yake pembe zilikuwa zimejaa ukuta kwa ukuta, na pua ya wa kwanza ilikuwa mgongoni kwake. Kama wangeshtuka wasingemwacha hata mfupa. Macho ya baba yalikuwa yametoka weupe, na alikuwa ananitafuta.

Nilifungua. Akapita, nikafunga, nikasikia wa kwanza anaendelea mbele. Baba hakukaa kiuani hata kidogo. Alishika ukuta mara moja, akazunguka kurudi zizini kuwachukua wengine.